Karatasi ya Mji wa Baba Mdogo

Kwenye ukurasa wangu wa kazi, ule ninaowapelekea watu wanaotaka kujua mimi ni nani kabla hawajanifungulia mifumo yao, kuna orodha ya mambo niliyoyafanya. Kuna mfumo wa matokeo ya mitihani, kuna programu ya simu ya wakulima wa kahawa, kuna kazi za kukagua usalama wa mitandao ya taasisi ambazo mkataba hauniruhusu kuzitaja. Sehemu ya elimu ni fupi: kidato cha pili, kisha vyeti vya kompyuta nilivyovipata nikiwa mtu mzima. Watu wakifika hapo hunisifu, husema nimetoka mbali. Mwezi uliopita nilirudi Dodoma kutoka kumzika mdogo wangu Advera huko Songambele, nikaufungua ukurasa huo ili niongeze kazi mpya, nikabaki nimeuangalia mpaka chai ikapoa. Kazi yangu ya kwanza haimo. Sijawahi kuiandika popote. Anayeniuliza nilianzaje namwambia nilianza kwenye duka la steshenari pale Nyaishozi, na huo ni ukweli, ila huwa naishia mlangoni mwa duka hilo na sisemi nilikokwenda baada ya hapo.

Jinsi wazazi wetu walivyoondoka, mmoja baada ya mwingine, sitaiandika. Nyumba nyingi za huku zinaijua habari hiyo bila mimi. Inatosha kusema kwamba mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini, Advera kumi na sita, na hatukuwa na mwingine. Mimi niliacha shule ili yeye abaki shuleni. Nilipata kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala Nyaishozi, nikawa nalala chumba cha nyuma cha duka, kati ya maboksi ya karatasi na gunia la maharage la mwenye duka. Advera alibaki Songambele kwa baba mdogo Byarugaba, ambaye mji wake unapakana na wetu. Huku kwetu mji ni nyumba pamoja na migomba yake na makaburi yake, na kati ya mlango wa baba mdogo na mlango wetu uliofungwa kulikuwa na hatua kama thelathini, ukipita kwenye migomba ambamo baba na mama wamelala. Kila mwisho wa mwezi nilirudi, nikafungua nyumba yetu, nikawasha moto jikoni ili wadudu wasilimalize paa, na tukala mimi na yeye tu. Hiyo ndiyo siku aliyokuwa akinionyesha kopo lake la majani ya chai lililokuwa na vidonge, ili nione kwamba hajaruka hata siku moja. Advera alizaliwa na virusi. Tuliojua ni watatu: mimi, yeye, na Nesi Paskazia wa kituo cha afya. Kwa baba mdogo tulisema ni dawa za pumu, na kwa kuwa asubuhi za baridi alikuwa akikohoa kweli, hakuna aliyeuliza.

Pale dukani kulikuwa na kompyuta moja ambayo mwenye duka aliiogopa. Ndani yake mtu fulani alikuwa amesahau kitabu cha kufundisha kutengeneza programu, kwa Kiingereza, na mimi wakati hakuna wateja nilikisoma nikiwa na kamusi pajani. Nilielewa ukurasa mmoja kwa siku tatu. Siku moja akaja mtu mzima amevaa koti la mvua, anataka kuchapiwa taarifa ya robo mwaka. Alikuwa Dokta Projestus, mwenyeji wa Muleba, mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha upande wa kwetu, kituo nisichopenda kukitaja jina. Aliniona napanga majina ya wagonjwa wake kwenye jedwali bila kuangalia vidole, akavuta kiti.

"Binti, hii unaweza kuifanya ijitafute yenyewe? Niandike jina, mtu atokee?"

"Naweza, Dokta," nikasema. Nilikuwa sijawahi kuifanya.

"Waitu, wewe ndiye niliyekuwa namwomba Mungu. Tumeletewa kompyuta mbili, zimefunikwa kitambaa kama maiti."

Hivyo nikarudi nyumbani mapema mwaka ule, nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya maziwa ya unga, chenye dirisha linalotazama mikaratusi, na madaftari makubwa ya wagonjwa yamepangwa mpaka dari. Nafikiri ndiyo miezi pekee ya ujana wangu niliyoamka nikiwa na furaha. Nilitembea kutoka Songambele na umande, nikafika kituoni miguu imelowa, mchana nikala na manesi ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye sinia moja, wakinitania kwamba nikiolewa nitamwandikia mume wangu namba ya faili. Jioni nililala kwenye nyumba yetu, na siku nyingine Advera aliomba ruhusa kwa mama mdogo akaja kulala na mimi. Tulikuwa na taa moja. Yeye aliandika kazi za shule, mimi niliandika programu kwenye daftari ili kesho yake niipeleke kwenye mashine.

Shida ya kituo ilikuwa majina. Dirisha la mapokezi lilikuwa karibu na chumba changu, nikawa nasikia mazungumzo yaleyale kutwa nzima.

"Jina?"

"Anitha."

"Anitha nimewaandika saba toka asubuhi. Wa kwa nani?"

"Wa kwa Kahigi."

"Kahigi wa mlimani au wa mtoni?"

"Wa mtoni. Yule mwenye ng'ombe asiye na mkia."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu, mstari mzima huu ungekuwa umeshapungua."

Nikaelewa kwamba huku jina la mtu peke yake halimpati mtu. Anapatikana kwa mji wake. Kitabu changu cha Kiingereza kilisema kila mgonjwa apewe namba, lakini nani angeikumbuka namba? Nikatengeneza kisanduku nikakiita Mwenye Mji. Unaandika jina la mwenye mji, wanatokea wote walio chini yake, kila mmoja na tarehe yake ya kurudi, chumba cha kwenda, na shida yake kama imeandikwa. Nikaongeza kitu nilichokionea fahari kuliko vyote: ukibonyeza mara moja, printa inatoa karatasi ya mji mzima. Watu walitembea mbali kuja kituoni. Nilifikiri, anayekuja na mtoto wa chanjo awapelekee na wengine tarehe zao, bibi wa presha na mjamzito, ili mtu asisahau. Dokta Projestus alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa sauti akaita manesi wote.

Nesi Paskazia ndiye pekee aliyetazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kusugua miwani kwa khanga akiwa na jambo. "Na watu wangu wa chumba namba sita?" akauliza. Chumba namba sita kilikuwa cha nyuma, cha dawa za virusi, chenye benchi lililogeuzwa kuelekea ukutani, na Jumanne ndiyo siku yake.

"Wako salama, Nesi. Nimeweka neno la siri, refu. Na mlango una kufuli mbili. Hakuna mtu wa nje atakayeingia."

"Wa nje," akarudia. Akavaa miwani. "Sawa. Wewe ndiye fundi."

Nimefanya kazi hii sasa miaka mingi, na nimelipwa vizuri kufikiria wezi walio mbali, vijana wa miji nisiyoijua wanaojaribu milango yetu. Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuwafikiria. Nililinda madaftari ya wakulima wa migomba dhidi ya mwizi wa kompyuta atakayetoka Bukoba, na wakati huohuo nikatengeneza kitufe cha kumkabidhi jirani kila kitu kwa heshima, kikiwa kimechapwa vizuri. Nilijua chumba namba sita ni nini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi nikiwa na Advera, tumetazama ukuta. Lakini mbele ya kioo niliona namba tu, na tano ni tano, sita ni sita.

Kuhamisha madaftari kulinichukua wiki nyingi. Nilipofika kwenye jina la Advera ilikuwa saa nne asubuhi, mvua inanyesha, na nje Nesi alikuwa anamfokea mbuzi aliyeingia kwenye maua. Nikaandika jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, tarehe, chumba. Kwenye kisanduku cha Mwenye Mji nikaandika jina langu, Konsolata. Nikaliangalia. Lilionekana kama mzaha. Orodha yote ilikuwa ya wazee, wajane wachache wenye mvi, na katikati yao msichana wa miaka ishirini asiye na mume wala mtoto. Nilimwona Dokta akilikuta na kucheka. Nilimwona baba mdogo akisikia kwamba nimejiandika mwenye mji naye yupo hai, hatua thelathini kutoka hapo. Nikafuta, herufi moja moja, nikaandika Byarugaba. Nikaenda kunywa uji.

Jumapili ile, baada ya misa, jumuiya ilisali kwa baba mdogo. Mama mdogo alikuwa ametandika nyasi mbichi sebuleni, na wageni walipewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, wakawa wanatafuna taratibu na kuongea. Mimi na Advera tulikuwa jikoni, jiko la nje lililounganishwa na ukuta wa sebule, tunamenya ndizi. Ukuta ule wa udongo ulikuwa na nyufa. Tangu utotoni tulizoea kusikiliza mazungumzo ya wakubwa kutoka pale. Advera alikuwa mchangamfu siku hiyo. Alikuwa amekuwa wa pili darasani, na alikuwa ananiigizia mwalimu wake wa hesabu, jinsi anavyovuta suruali juu kabla ya kuandika ubaoni. Tukacheka mpaka mama mdogo akapiga ukuta kutunyamazisha.

Sala ilipokwisha tukamsikia baba mdogo. "Ngojeni kidogo, ndugu zangu. Mnajua ile kompyuta ya kituo? Ameitengeneza mwanangu, Konso. Binti wa marehemu kaka." Watu wakasema ah, ah, kwa kupendezwa. "Mama Levina juzi alimpeleka mjukuu kuchanjwa, akapewa hii hapa. Karatasi ya mji wangu mzima! Katekista, wewe una macho, hebu wasomee waone."

Nilisimamisha kisu. Sikuelewa mara moja nilichoogopa.

"Mji wa Byarugaba," katekista akasoma kwa sauti yake ya kanisani. "Byarugaba mwenyewe. Upasuaji mdogo, ngiri. Arudi Alhamisi."

Kicheko. "Kumbe ndiyo maana siku hizi hupandi mlima!" mtu akasema.

"Mwacheni mzee wa watu," akasema mama mdogo, naye anacheka.

"Mama Levina. Presha, chumba namba mbili. Ooh, pole mama. Kwa mume kama huyu, presha lazima." Kicheko kingine. "Mtoto wa Levina. Chanjo, chumba namba moja. Advera..."

Niliinuka. Ndizi zikamwagika pajani. Kutoka jikoni mpaka mlango wa sebule unazunguka nyumba, unapita kwenye kichanja cha vyombo. Nimeupima mwendo huo mara nyingi tangu siku ile, na hata ningekimbia nisingewahi.

"Advera. Kila mwezi, Jumanne. Chumba namba..." Katekista akanyamaza. Alikuwa mtu mwema, na nafikiri angeweza kuruka. Ila mwanamke mmoja, mzee, asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti ya juu, "Namba ngapi? Hatujasikia huku."

"Sita," akasema katekista, kwa sauti ndogo.

Nilibaki nimesimama kwenye kichanja cha vyombo. Nilisikia mtu akitafuna buni. Kisha baba mdogo, ambaye sidhani kama alikuwa bado ameelewa, akasema, "Endelea, bado kuna wengine," na mama mdogo akasema, "Inatosha. Chakula kinakaribia." Niliporudi jikoni Advera alikuwa anaokota ndizi nilizozimwaga. Alizipangusa majivu moja moja na kuziweka kwenye sufuria. "Maji yamechemka, Dada," akasema. Siku hiyo wageni wengi walikumbuka wana shughuli nyumbani. Ebitoke zilibaki, na kwetu si kawaida ebitoke za wageni kubaki.

Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na ukatili mkubwa, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Kesho yake mama mdogo alimpa Advera kikombe cha plastiki chekundu, akasema kwa upole, "Hiki kiwe chako, mwanangu, usichanganye." Levina, binti yake, akaacha kumwachia Advera mtoto wake ambebe. Shuleni, wasichana wa benchi lake wakahama kidogo kidogo, mmoja akamwambia, "Shikamoo, bibi wa Jumanne," na darasa likacheka. Jumanne iliyofuata hakwenda kituoni. Nilimfuatia vidonge mwenyewe, nikaviweka kwenye kopo, na mwisho wa mwezi nikavikuta vyote, vimejaa.

Kurekebisha programu kulichukua muda wa kumenya ndizi za mlo mmoja. Niliondoa kitufe cha karatasi, nikafanya kila mtu atokee peke yake, na chumba namba sita kisionekane ila kwa neno la siri la Nesi Paskazia. Dokta Projestus aliniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Nesi alisugua miwani. Jioni nilimkuta Advera kwenye migomba, karibu na kaburi la mama, anang'oa magugu. Nikamweleza. Nilimweleza kwa undani, kama fundi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Nikamwambia sasa hakuna atakayemwona mwenzake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwenye kompyuta," akauliza, "mimi niliandikwa kwa nani?"

"Kwa Baba mdogo."

"Kwa nini si kwako?"

Nikasema sikuwa na mji. Aliitazama nyumba yetu, mlango uliokuwa wazi, moshi unatoka jikoni ambako nilikuwa nimeinjika maharage yetu sisi wawili. Aliendelea kung'oa magugu, na mimi nikaingia ndani kuangalia maharage yasiungue.

Kabla ya mwaka kwisha aliacha shule. Siku moja ya gulio alipanda gari la mizigo kwenda Murongo, akavuka mto, akaenda kufanya kazi za ndani Uganda, ambako hakuna aliyeuliza ni wa kwa nani. Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Alirudi mara mbili katika miaka yote hiyo, kila mara amekonda, kila mara nikampeleka kliniki, akaanza dawa, akaacha. Hakuwahi kunilaumu kwa neno. Alinitumia picha za mapazia aliyoyashona. Kazini kwangu vijana wananiita Mama Karatasi, kwa sababu kila wakileta mfumo mpya, wamefunga kila mlango kwa ustadi unaonishinda, nauliza swali lilelile: hiki kikichapwa, atasomewa nani? Wanacheka, kisha wanarekebisha. Wakubwa wangu wanaandika kwamba nina jicho la pekee. Sina jicho. Nina siku moja tu, na ninairudia.

Mwezi uliopita Advera alirejea mara ya tatu, amelazwa nyuma ya gari, na nilipofika Songambele alikuwa ameshakata kauli. Tulimzika kwenye migomba, pembeni ya mama. Baba mdogo ni mzee sasa, hasikii. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akauliza kila aliyepita msiba ni wa nani. Kabla ya mazishi, katibu wa kitongoji, kijana aliyezaliwa nadhani mwaka uleule, alikuja na daftari lake kuandika kibali cha kuzika. Akauliza jina la marehemu, nikamtajia. Akauliza umri.

"Mwenye mji?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Watu walikuwa wamekaa kwenye majani pande zote, katekista wa zamani akiwemo, na mama mdogo, na Levina na watoto wake wakubwa.

"Mimi," nikasema. "Andika Konsolata."

Akaandika. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyecheka. Akaniuliza kama jina linaanza na K au C, nikamjibu, akafunga daftari akaenda kuangalia kama kaburi limekwisha kuchimbwa.